Mkono wa Kopa Ndogo

Mwanzoni ilionekana kama utovu wa adabu tu: mtu fulani alikuwa akigongagonga visigino chini ya meza.

Ilikuwa Alhamisi alasiri, Januari, na theluji ilikuwa imeyafunika magari ya Butte, mji wa migodi, hadi huwezi kujua lipi la nani. Katika chumba cha nyuma cha baa ya Bogdan Mileta, Verna Tuomi alikuwa akigawa karata za poka kama alivyozigawa miaka yote. Ile ilikuwa meza ya madau ya dola moja na mbili, ya wastaafu na madereva wa malori. Mtu anakaa mchana kutwa, anakunywa kahawa mbovu, anatukanwa kidogo, anarudi nyumbani bila kuwa amepoteza kitu cha kumliza mkewe.

Tak. Tak-tak. Tak.

"Jamani, miguu," Verna alisema bila kuinua macho. "Mnanitingishia meza."

Hakuna aliyejibu. Kugonga kukaendelea, visigino vya buti nzito kwenye mbao, vikipiga bila mpangilio, kama mtoto anayekataa kuogeshwa.

Kilichomshtua Verna hakikuwa sauti yenyewe. Wanaume wale waligombana hata juu ya dirisha kufunguliwa kidogo au kufungwa, na leo wote walikuwa wamenyamaza. Tena hakuna aliyetazama chini ya meza. Kila mmoja alikazia macho kitambaa cha kijani mbele yake.

Wendell Penrose, mwenye duka la matairi, alikuwa amebana karata zake mbili mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Alikaa hivyo, akihema kwa mdomo. Hatimaye akazitupa katikati, na palepale sauti ikakatika.

"Bomba la maji ya moto," Wendell alisema.

Mabomba ya maji ya moto yalikuwa ukuta wa upande wa pili. Verna alizikusanya zile karata na kuchungulia, jambo ambalo mgawaji hatakiwi kulifanya. Sita na nne, zote kopa. Mezani, kati ya zile karata tano za wote, zilikuwa zimelala kopa nyingine tatu. Kwa hiyo Wendell alikuwa na kopa tano kamili, akazitupa. Haikuwa ajabu sana. Karata tano za rangi moja ni mkono mzuri, lakini zako zikiwa ndogo, yeyote mwenye kopa kubwa zaidi anakula kila kitu, nawe unabaki umekodoa macho. Na Wendell alijulikana kwa kuzitupa. Tangu Oktoba alikuwa akisimama pale kaunta, bia mkononi, akisimulia jinsi alivyowahi kutupa kopa tano mbele ya mzee Hap Lavelle. "Nikafikiri, nikafikiri, nikafikiri," angesema, akigonga paji la uso. "Mwingine angelipa dau tu kwa pupa. Mimi nikazitupa! Na mzee kweli alikuwa na ree, kopa kubwa kuliko zote!" Watu walimpigia makofi. Verna mwenyewe aliwahi kumwambia, "Ulicheza vizuri, Wendell."

Ni Oktoba hiyo hiyo alipokufa mdogo wake Verna.

Arvo Tuomi alikuwa mchomeleaji vyuma, mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Mwaka mmoja alilibwaga lori lake mtaroni, likaharibika kabisa, kwa sababu ya mbwa aliyekuwa akivuka njia, na wala hakuwa mbwa wake. Alifia katika chumba kile, kwenye kiti cha sita, siku ambayo Verna alikuwa kitandani na homa na Bogdan akagawa karata badala yake. Moyo, daktari alisema.

"Alishaondoka kabla hajafika sakafuni," Bogdan alimwambia msibani, amemshika mikono yote miwili. "Hata hakujua, dada yangu. Hata hakujua."

Maneno hayo Verna aliyashikilia kama mtu ashikavyo ukuta gizani. Ndiyo yaliyomwezesha kurudi kazini na kugawa karata, akikiruka kiti cha sita kila mzunguko.

Wiki moja baada ya visigino kuanza ikaja harufu. Chuma kilichochomelewa, halafu sufu iliyolowa, harufu ya Arvo aliporudi kazini wakati wa baridi na kulitundika koti lake karibu na jiko. Ngozi ya kiti cha sita ilikuwa imebonyea. Verna hakuogopa. Wengine walipoenda kuvuta sigara, aliinama na kunong'ona, "Arvo? Ni wewe?"

Kitu kikapiga chini ya meza kwa nguvu hadi sarafu za mchezo zikaruka na kumwagika.

Kisha akaja dereva mmoja wa malori kutoka Idaho.

Jina lake lilikuwa Russ, kijana mnene mchangamfu aliyekwama mjini kwa sababu barabara ya mlimani imefungwa. Alikikalia kiti cha sita kabla mtu hajamzuia. "Hapa pana joto," alisema, ingawa Verna, aliyekuwa karibu naye, alikuwa akiona pumzi yake mwenyewe ikitoka kama moshi. Walicheza kwa amani mpaka Russ alipopata pau tano, zake mbili zikiwa ndogo kabisa, na Hap Lavelle akasukuma sarafu zake zote katikati.

Hap alikuwa mfanyakazi mstaafu wa posta. Akisukuma sarafu zote, ujue karata anazo. Hakuna mtu aliyewahi kumkamata akidanganya mezani, na wageni wote huambiwa hivyo mapema kwa hisani.

"Aa, mzee," Russ alicheka. "Unanitesa. Ngoja kwanza."

Siku nyingine Wendell angemrukia: utataga hapo, utaatamia lini? Leo Wendell alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja.

Visigino vikaanza. Russ alitabasamu akidhani ni mzaha wa wenyeji, kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe, kwa maana macho yake yalikuwa yameanza kutafuta kitu darini. Harufu ya chuma ikajaa chumba hadi ulimi ukahisi ladha yake, taa juu ya meza ikawa kama inayotazamwa kutoka ndani ya maji, midomo ya kijana ikageuka rangi ya majivu, na huku mkono wake wa kulia umezing'ang'ania zile karata mbili na wa kushoto ukikwaruza kitambaa, akafumbua kinywa na kusema, kwa sauti isiyokuwa yake, sauti nzito yenye mkwaruzo wa moshi wa miaka mingi ambayo Verna aliisikia tangu ikiwa ya mtoto wa kunyonya:

"Niinueni. Jamani, niko chini. Niinueni."

"Tupa, kijana," Hap alinong'ona, machozi yakimtoka. "Tupa hizo karata. Kwa jina la Mungu, zitupe."

Vidole vikafunguka. Karata zikaanguka. Russ alivuta pumzi kama mtu aliyetolewa ziwani, akainuka, akaangusha kiti, akatoka kwenye theluji bila koti lake na hakurudi kulichukua.

Verna alikuwa amesimama. "Mmemsikia."

Hap alikisimamisha kile kiti.

"Kwa nini aseme yuko chini? Wendell! Mtu aliyekufa kabla hajafika sakafuni anajuaje kwamba yuko chini?"

Wendell aliangalia viatu vyake. Mlangoni, Bogdan alijifuta mikono kwa taulo ambayo ilikuwa kavu.

"Nitamleta mama," alisema.

Stana Mileta aliishi juu ya baa na alikuwa mkongwe kiasi kwamba hata mwanawe aliogopa kumwuliza umri. Huko alikozaliwa wanawake wa ukoo wake waliyeyusha risasi, ile metali nzito, na kuimwaga katika maji ili kuondoa hofu iliyomwingia mtu, na mjini kwetu wengi waliwahi kumpelekea watoto wanaopiga kelele usingizini, japo Jumapili kanisani wasingekubali. Aliteremka kesho yake mchana na sufuria ndogo, bakuli la maji, na vipande vya risasi vile wavuvi wanavyofunga juu ya ndoano. Sharti lake lilikuwa moja: waliokuwamo siku Arvo alipokufa wote wawepo. Wakaja watatu, Bogdan, Wendell na Hap. Wawindaji wawili waliocheza siku ile walikuwa wapita njia, hakuna aliyewajua.

Stana aliliweka bakuli juu ya kiti cha sita na kumimina. Risasi ililia ndani ya maji, mlio mrefu kuliko ilivyostahili, kisha ikatulia. Bibi kizee akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha, na uso wake ukabadilika.

"Hapa pana mtu aliyengojea," alisema. "Mtu huyu hakufa upesi. Alingoja, na walikuwapo watu."

"Mama, basi," Bogdan alisema.

"Waambie waseme."

"Nimesema basi, mama! Toa hicho kitu, umalize!"

"Sikitoi juu ya uongo. Kitarudi na wenzake."

Verna hakungoja zaidi. Alimshika Hap mkono, akamvuta hadi kwenye ujia wenye mapipa ya bia, akamsimamisha ukutani.

"Wewe hudanganyi mezani," alimwambia kwa sauti ya chini. "Usinidanganye hapa."

Mzee alitazama mapipa. "Tulidhani anatania, Verna. Unamjua Arvo na mizaha yake."

"Endelea."

"Alikuwa ameshatupa karata zake. Mkono ulibaki wangu na Wendell. Nilikuwa nimesukuma zote. Wendell ana kopa ndogo, anafikiri. Arvo akateleza kwenye kiti, pole pole, hivi, akaingia chini ya meza. Akaanza kupiga visigino. Mmoja wa wawindaji akauliza, huyu jamaa vipi? Bogdan akasema amelewa, mwacheni, mkono uishe kwanza."

"Arvo alikuwa ameacha pombe."

"Najua."

"Bogdan pia alijua."

"Alijua." Hap alifumba macho. "Nikamwambia Wendell, tupa, bwana, tumtazame mtu. Akasema, ngoja, nafikiri. Akafikiri, Verna. Mungu anisamehe, alifikiri, na mimi nikakaa. Sikusimama kwa sababu nilikuwa na ree ya kopa na nilitaka alipe. Arvo alituita. Alisema vile vile alivyosema yule kijana. Baadaye visigino vikaacha kupiga, ndipo Wendell akatupa karata, tukainama."

Mbele, kwenye baa, mtu alicheka na mwingine akaweka glasi mezani.

"Kwa hiyo ile hadithi yake," alisema hatimaye. "Ile ya kaunta. Ya kopa tano."

Hap aliitikia kwa kichwa.

"Nilimpongeza," Verna alisema. "Nilimwambia alicheza vizuri."

Hasira iliyompanda haikuwa ya kupiga kelele. Ilianzia tumboni kama maji ya barafu, ikapanda kifuani, ikafika mikononi, na mikono ikatulia kabisa. Alirudi chumbani. Alisogeza bakuli la Stana kando, akakaa mahali pake pa kugawia, akazichanganya karata.

"Kaeni."

"Verna," Bogdan alisema, "mama anasema tusicheze tena kwenye meza hii."

"Wewe uligawa siku ile badala yangu. Leo nagawa mwenyewe. Wendell, kaa. Hap, kaa. Bogdan, wewe simama hapo hapo, ulivyozoea."

Wakakaa. Labda ilikuwa aibu, labda ni sauti yake, labda ni ule mlango uliojifunga polepole nyuma ya Hap bila mtu kuugusa. Verna aligawa mbili kwa Wendell, mbili kwa Hap. Hakuchezea karata, na hata leo ataapa kwa kaburi la mama yake kwamba hakuzichezea. Wendell aliinua kona ya zake, akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa.

Sita ya kopa. Nne ya kopa.

Verna akafunua za katikati. Mfalme wa kopa. Tisa ya kopa. Saba ya pau. Mbili ya kopa. Tatu ya shupaza. Mikono ya Hap ikasukuma sarafu zake zote mbele, huku Hap mwenyewe akiitazama kama mikono ya mtu mwingine na kusema, "Sijafanya mimi, sijafanya mimi."

Tak. Tak-tak.

"Nazitupa," Wendell alisema upesi. Akanyoosha mkono juu ya meza na kuutikisa. Karata hazikuanguka. Akautikisa tena, akazivuta kwa mkono wa pili, akaugonga mkono mezani. "Nazitupa! Verna, unasikia? Nazitupa! Zichukue!"

Katika mchezo ule mkono hauishi mpaka mgawaji azichukue karata zilizotupwa. Kila mtu chumbani alilijua hilo.

"Ngoja," Verna alisema. "Nafikiri."

Akakunja mikono yake kifuani, akamtazama, na Wendell akaanza kufa mbele yake, kwa sababu hakuna neno jingine la kuita jambo lile, midomo ikigeuka rangi ya majivu, mshipa wa shingo ukiruka, visigino vyake mwenyewe sasa vikijibizana na vile vya chini ya meza, na baridi ikipanda kutoka sakafuni kana kwamba mbao zimefunguliwa na lile shimo kubwa la mgodi lililolala nyuma ya mji na maji yake ya sumu limesogea hadi chini ya nyayo zao, na Stana akiwa ameshika fremu ya mlango akimwambia Verna, mwanangu, funga mkono, mwanangu, chukua karata, na Bogdan akisali kwa lugha ya mama yake, na Verna akiyasikia yote na kuona ni haki, ni haki tupu, akiwaza kwamba mtu huyu alinunua bia kwa kifo cha Arvo, aliirembesha hadithi, aliipa mwisho mzuri, alipigiwa makofi, na kila siku alimwangalia yeye Verna machoni na kusema habari za mchana, dada, na kwamba sasa aendelee kungoja, angoje kama alivyongojesha, ajue urefu wake.

Kinywa cha Wendell kikafunguka. Ikatoka sauti ya Arvo, na mara hii ilikuwa laini.

"Vema, dada. Usimsaidie. Mwache afe. Halafu yule mzee. Halafu Bogdan. Kaa nami hapa tuwangoje wote."

Hapo Verna alihisi nywele zikisimama mikononi. Kwa kuwa sauti ilikuwa ya Arvo barabara, na maneno hayakuwa yake hata kidogo. Yule mtu aliyepoteza lori zima kwa mbwa asiye wake, angekaa kweli akatazama binadamu akikata roho, na kuona ni jambo zuri?

"Wewe si ndugu yangu," alisema.

Kicheko kikatoka chini ya meza. Hakikuwa cha kusikika barabarani. Kilikuwa kikavu, cha kitu kisichowahi kuwa na mapafu.

Verna alirusha mkono na kuzinyakua zile karata. Zilitoka na ngozi ya vidole vya Wendell. Kitambaa cha kijani kikavimba katikati kama kitu kinachosukuma kutoka chini, kikapasuka, na harufu ikapiga nyuso zao kwa nguvu hata Hap akatapika palepale. Wendell aliteleza kwenye kiti, pole pole, akaingia chini ya meza.

Bogdan na Hap walisimama tu wakimtazama. Ndipo Verna alipopiga kelele kwa mara ya kwanza.

"Mnangoja nini tena? Mnangoja nini, nyinyi mbwa? Bogdan, piga simu! Hap, mshike miguu, mtoe!"

Wakamvuta nje. Hakuwa anapumua. Verna alipiga magoti, akaweka viganja kifuani kwake na kuanza kukandamiza kama walivyofundishwa wafanyakazi wote wa baa. Alikandamiza kwa uzito wake wote na kwa chuki yake yote, mbavu zikalia chini ya mikono yake, naye hakupunguza. "Pumua, mshenzi wewe. Pumua! Hufi mikononi mwangu, umesikia? Hutanibebesha na hilo. Pumua, muuaji, mwongo, mwizi, pumua!" Machozi na kamasi vilimdondokea Wendell usoni. Nyuma yake Stana alikuwa amechota maji ya lile bakuli na kuyamwaga kuzunguka meza, akisema maneno ambayo mwanawe hakuyafahamu. Kila yalipoanguka mbao zilitoa mvuke, na kitu kilichokuwa chini kikajigonga huku na huku, kwenye miguu ya meza, ukutani, mlangoni, kisha kimya.

Wendell akakohoa.

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Bogdan alichukua shoka. Walikatakata ile meza na kiti cha sita, wakavichoma uani juu ya theluji. Sisi tuliokuwa tukinywa mbele tulitoka kutazama. Moto ule haukuyeyusha theluji iliyouzunguka.

"Huyo alikuwa nini?" Verna alimwuliza bibi kizee.

Stana hakulitaja jina, maana kwao kulitaja ni kuliita. Sisi tungesema ni jini. "Vimo chini kule tangu kabla ya mashimo kuchimbwa," alisema. "Hasira ndiyo chakula chao. Siku ile kimoja kilikuta chakula kimeandaliwa. Sauti ya ndugu yako kiliivaa tu, kama koti la kuokota."

"Na hasira yangu? Mbona ipo bado?"

"Hiyo ni ya kwako, mwanangu. Hiyo mimi siwezi kuitoa."

Kabla ya wiki kwisha Verna aliwapeleka Bogdan na Hap kwa mjane wa Arvo, akawasimamisha sebuleni mbele yake na watoto, wakasema kila kitu. Mjane hakulia. Aliwafungulia mlango watoke. Hap hajagusa karata tangu siku hiyo. Bogdan alijaribu kumwomba Verna arudi kazini kwa mshahara mkubwa zaidi, naye akamtemea mate kwenye kiatu. Sasa anaendesha basi la shule.

Wendell alikuja Aprili, mvua inanyesha. Verna alifungua mlango akamkuta kibarazani, amekonda, koti linamning'inia. Watu walikuwa wamesema mkewe amehamia kwa dada yake huko Helena, na kwamba hataki kueleza kwa nini.

"Sikukaribishi ndani," Verna alisema.

"Sikutegemea." Maji yalimtiririka puani. "Nimekuja kusema pole, dada."

"Mimi si dada yako. Na pole si neno la kuja nalo. Sema ulichofanya."

"Nilimwona akianguka."

"Endelea."

"Nilijua hatanii. Niliona uso wake. Nikajiambia, sekunde moja tu, nimalize kufikiri. Nikamsikia akiita. Nikaendelea kutazama karata." Alijifuta maji usoni. "Halafu nikajisifia."

Verna alitafuta ndani yake kitu kingine zaidi ya ile barafu, hakukipata, wala hakujilazimisha.

"Sikukuokoa kwa ajili yako," alisema. "Nimekusikia. Nenda."

Wendell aliitikia kwa kichwa, akageuka, akashuka ngazi akiwa ameinamisha shingo kwenye mvua. Verna alibaki mlangoni kuhakikisha anaondoka. Gari lake lilikuwa limeegeshwa kando ya njia, tupu, vioo vyote safi. Hakwenda upande wa usukani. Alizunguka hadi upande wa abiria, akaufungua mlango, akasimama kando akiushikilia, uso ameugeuzia mbali, kama mtu anayemsubiri mzee mwenye miguu mizito apande. Gari likalala kidogo upande ule, na harufu ya chuma kilichochomelewa ikamfikia Verna. Wendell akaufunga mlango taratibu, kwa adabu, akazunguka kwenda kushika usukani.

Verna alifungua kinywa amwite.

Kisha akarudi ndani, akatia komeo.